Sheria za kupambana na ugaidi: nani anaweza kusema hapana, na anasema lini?

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba tujadili sheria za kupambana na ugaidi na namna zinavyogusa haki za raia. Mara nyingi mjadala huu hugeuka mvutano wa kambi mbili, moja ikidai usalama kwanza na nyingine haki kwanza, na kila mmoja huondoka na msimamo uleule aliokuja nao. Mimi sina ugomvi na wajibu wa dola wa kuwalinda watu wake dhidi ya mabomu na risasi. Kuishi ni haki ya kwanza, na serikali inayoshindwa kuilinda haki hiyo imeshindwa kazi. Ninachotaka tukitazame ni chembamba zaidi: kila sheria ya aina hii humpa mtu fulani mamlaka, awe ofisa wa polisi, waziri au mkuu wa idara ya ujasusi. Je, nani anaweza kumwambia mtu huyo hapana, na anaweza kusema hivyo lini: kabla raia hajaumia, au miaka mingi baadaye?

Nianze na muda wa kushikiliwa kabla ya kushtakiwa. Nchini Uingereza, mtuhumiwa wa kosa la kawaida, hata la mauaji, hawezi kuwekwa mahabusu ya polisi zaidi ya siku 4 bila kufunguliwa mashtaka. Kwa tuhuma za ugaidi, sheria ya mwaka 2000 iliruhusu siku 7. Mwaka 2003 zikawa 14. Mwaka 2006 zikawa 28. Novemba 2005 serikali ya Tony Blair ilitaka ziwe 90 ikashindwa bungeni, na mwaka 2008 serikali ya Gordon Brown ilijaribu 42 ikakwama katika Bunge la Mabwanyenye. Mwaka 2011 zikarudi 14. Namba hizo zilipanda kwa kadiri hofu ilivyopanda, na kilichozizuia zisifike miezi 3 ni kura za wabunge, baadhi yao wa chama tawala chenyewe, waliokataa kukubali kwamba ugumu wa upelelezi unatosha kuwa sababu ya kumfungia mtu muda wote huo bila kumtajia kosa lake.

Anayeshikiliwa siku 28 anaweza kuachiwa bila shtaka lolote na bado akakuta kazi yake kapewa mwingine, mwenye nyumba anadai pango, na majirani wamekwishamhukumu. Lakini iko hatari kubwa kuliko hiyo, nayo ni mtu kukiri asichokifanya. Oktoba 1974 mabomu yalilipuka katika baa za mji wa Guildford, na mwezi uliofuata mengine yaliua watu 21 Birmingham. Ndani ya siku chache Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, likaiita ya muda, likawapa polisi uwezo wa kumshikilia mtu hadi siku 7. Miongoni mwa watu wa mwanzo kushikiliwa chini yake walikuwemo wale waliokuja kujulikana kama Wanne wa Guildford. Wakiwa mikononi mwa polisi walitia saini maelezo ya kukiri, wakahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1975, na Oktoba 1989 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu hizo baada ya kubainika kwamba kumbukumbu za mahojiano zilikuwa zimechezewa na polisi. Jibu la hapana lilipatikana, lakini lilipatikana baada ya takriban miaka 15 ya gereza.

Jambo la pili ni ushahidi wa siri, na hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana wengi wanausikia tu bila kujua unavyofanya kazi. Desemba 2001, miezi mitatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Uingereza ilipitisha sheria iliyomruhusu waziri kumweka kizuizini, bila kesi na bila kikomo, mgeni yeyote anayeshukiwa kuwa gaidi na ambaye haikuwezekana kumrudisha kwao. Wengi wao waliwekwa katika gereza la Belmarsh, London. Waliruhusiwa kukata rufaa kwenye tume maalumu ya kimahakama, ambayo ilisikiliza sehemu ya shauri hadharani na sehemu nyingine faraghani. Kikao cha faragha kinapoanza, mzuiliwa hutolewa nje pamoja na wakili aliyemchagua mwenyewe. Nafasi yao inachukuliwa na wakili maalumu aliyeteuliwa na serikali na kuidhinishwa kuona siri. Wakili huyo anasoma jalada na kumtetea asiyekuwepo, ila tangu dakika anapolisoma jalada haruhusiwi tena kuzungumza na mtu anayemtetea bila kibali.

Hebu tuifikirie hali hiyo kwa utulivu. Jalada linasema mzuiliwa alionana na mtu fulani, mahali fulani, tarehe fulani. Huenda siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini na ana cheti cha kuthibitisha. Wakili maalumu hajui, na hawezi kumuuliza, kwa kuwa kumtajia tarehe ni kutoa siri. Kosa la mpelelezi aliyechanganya majina mawili linabaki kuwa ukweli, kwa sababu mtu pekee ambaye angelisahihisha hayumo chumbani.

Desemba 2004 majaji 8 kati ya 9 wa iliyokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo waliamua kwamba kizuizi hicho kilikiuka haki za binadamu, kwani kilizidi mahitaji ya hali yenyewe na kiliwabagua wageni ilhali raia wenye tishio lilelile waliachwa huru. Hukumu hiyo ndiyo inayonukuliwa sana. Binafsi naipa uzito zaidi ile ya Juni 2009, iliyosema kwamba mtu aliyewekewa masharti ya kuzuia mienendo yake lazima aelezwe kiini cha tuhuma kwa kiasi kitakachomwezesha kumpa maelekezo wakili maalumu, kwa sababu hiyo iligusa kilekile kilichokuwa kikiwaumiza watu: kutojua wanajibu nini.

Jambo la tatu ni tafsiri ya kosa lenyewe. Hadi leo hakuna mkataba mmoja wa dunia nzima unaoeleza ugaidi ni nini kwa ujumla wake. Hata hivyo, Septemba 28, 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373 lililozitaka nchi zote zitunge sheria dhidi ya ugaidi na ufadhili wake, bila kuuwekea ugaidi mipaka. Kila serikali ikajaza pengo hilo ilivyotaka. Ethiopia ilitunga sheria mwaka 2009 ambayo kifungu chake kuhusu kuhamasisha ugaidi kilimtishia mwandishi kifungo cha miaka 10 hadi 20 kwa kuchapisha jambo ambalo wasomaji wangeweza kulielewa kuwa uchochezi. Mwanahabari Eskinder Nega alihukumiwa miaka 18 mwaka 2012 na kuachiwa Februari 2018. Aprili 2014 wakakamatwa waandishi wa blogu ya Zone 9 pamoja na wanahabari wengine. Baadhi yao walifutiwa mashtaka Julai 2015, wengine wakaachiwa na mahakama Oktoba mwaka huohuo. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2020. Watu hawa walishikiliwa kwa kuandika, na sheria iliwezesha hilo kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana kiasi cha kumeza uandishi wa kawaida.

Tofautisha na Kenya. Desemba 2014, baada ya mauaji ya kutisha ya Mandera, Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya usalama katikati ya vurugu ukumbini, na Rais akaitia saini siku iliyofuata. Januari 2, 2015 Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu, na Februari 23 jopo la majaji 5 likafuta vifungu 8, vikiwemo vilivyovibana vyombo vya habari na kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Hapo jibu la hapana lilikuja katika majuma, kabla vifungu hivyo havijapata mtu wa kumfunga.

Naomba michango yenu, hasa ya wasiokubaliana nami.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa andiko lenye nidhamu, lakini naona umelitazama jambo kutoka ndani ya mahabusu peke yake. Wapo waliozikwa. Mwizi ukimkamata baada ya kuiba, mali inaweza kurudi. Anayetaka kujilipua ukimsubiri atende, umechelewa. Ndiyo maana sheria hizi zinaadhibu maandalizi, ufadhili na mafunzo, na ndiyo maana polisi wanahitaji muda zaidi: simu zinapaswa kufunguliwa, lugha zinapaswa kutafsiriwa, nchi nyingine zinapaswa kuombwa taarifa. Na shahidi aliyejipenyeza ndani ya kundi hilo, ukimtaja jina mahakamani leo, kesho hayupo. Mwisho, mimi sina cha kuficha. Wakitaka kusikiliza simu zangu, wasikilize. Asiye na hatia anaogopa nini?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, hoja zako tatu za mwanzo nazikubali bila kigugumizi. Kuadhibu maandalizi ni halali, mradi mwendesha mashtaka athibitishe dhamira na hatua iliyochukuliwa. Upelelezi wa mipaka mingi unachukua muda, na muda huo unaweza kutolewa na hakimu kwa vipande, akiwa amemwona mtuhumiwa kwa macho yake na kusoma kilichofanyika tangu kipande kilichopita. Hata shahidi aliye hatarini anaweza kulindwa kwa pazia, kwa jina la bandia au kwa kubadilishiwa sauti, huku maneno yake yakisikika na kuhojiwa. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mtu afungwe asijue kwa nini.

Hoja ya mwisho ndiyo nisiyoiafiki, na sababu zangu zinatokana na yaliyotokea.

Septemba 2002 Maher Arar, mhandisi wa Kanada mwenye asili ya Syria, alikamatwa uwanja wa ndege New York akiwa njiani kurudi nyumbani. Polisi wa Kanada walikuwa wamewapa wenzao wa Marekani taarifa zisizo sahihi zilizomhusisha yeye na mkewe na msimamo mkali wa kidini. Marekani haikumrudisha Kanada. Ilimpeleka Syria, alikowekwa karibu mwaka mzima na kuteswa. Tume ya uchunguzi ya Kanada ilisema mwaka 2006 kwamba hapakuwa na ushahidi wowote kuwa ametenda kosa, na Januari 2007 serikali ilimwomba radhi na kumlipa dola za Kanada milioni 10.5. Mtu huyu hakuwa na cha kuficha. Kilichomponza ni maneno yaliyoandikwa kwenye jalada asilolijua, yakavuka mpaka, na huko yalikofika hapakuwa na wa kuyahoji.

Kuhusu simu, kifungu cha 215 cha sheria ya Marekani iliyotiwa saini Oktoba 26, 2001, siku 45 baada ya mashambulizi, kiliandikwa kama ruhusa ya kuchukua nyaraka zinazohusiana na uchunguzi. Kwa tafsiri ya siri iliyokubaliwa na mahakama inayokaa faraghani, kikawa ruhusa ya kukusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Umma ulijua Juni 2013 kupitia nyaraka alizozitoa Edward Snowden, aliyekuwa mkandarasi wa shirika la ujasusi la Marekani. Januari 2014 bodi huru ya serikali yenyewe ya kusimamia faragha na haki za kiraia, baada ya kupewa nafasi ya kuona siri, ilieleza kwamba haikupata hata tukio moja la tishio dhidi ya Marekani ambapo mpango huo wa simu ulibadilisha kwa dhahiri matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilisema mpango ulivuka kile Bunge lilichoruhusu, na sheria mpya ikaukomesha kwa sura ile. Wewe unaweza kuridhia simu zako zisikilizwe. Lakini mwanahabari anayepigiwa na mtumishi anayefichua wizi, wakili anayepigiwa na mteja, mgonjwa anayempigia daktari wake, hao hawakuulizwa.

Na kuna suala la nani hasa anabeba mzigo. Uingereza ilikuwa na kifungu cha 44 cha sheria yake ya ugaidi ya mwaka 2000, kilichowaruhusu polisi kumsimamisha na kumpekua mtu yeyote katika eneo lililotangazwa, bila kuhitaji kumshuku kwa lolote. Katika mwaka wa 2009/10 upekuzi wa aina hiyo ulizidi 100,000, na haukuzaa hata mtu mmoja aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi. Weusi na watu wenye asili ya Asia walisimamishwa kwa kiwango kilichozidi sana idadi yao katika jamii. Januari 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la mwanafunzi na mwandishi wa habari waliopekuliwa mwaka 2003 karibu na maonyesho ya silaha jijini London, ilisema mamlaka hayo yalikuwa mapana mno. Kijana anayesimamishwa mara kwa mara mbele ya watu hana hatia, na anajua hana. Anachojifunza ni kwamba dola inamtazama kwa sura yake, na siku atakapoona jambo la hatari kweli mtaani, atasita kwenda kuripoti kwa walewale waliomdhalilisha. Hasara hiyo ni ya usalama pia, na nashangaa kwamba wanaosimama upande wa usalama huitaja mara chache.

MCHANGIAJI WA TATU

Nimefuatilia kwa makini. Naomba mwanzisha uzi agusie kufungiwa akaunti za benki, kwa sababu nafanya kazi na mashirika ya kijamii na huko hofu ni kubwa. Mtu au shirika likishatajwa kwenye orodha, benki zote hujitenga, hata kama hakuna kesi mahakamani.

MWANZISHA UZI

Asante sana, umegusa eneo ambalo madhara yake hayapigi kelele, kwa hiyo hayaonekani.

Mfumo wa orodha ulianza na azimio namba 1267 la mwaka 1999. Kamati ya Baraza la Usalama ilitaja majina, na nchi zote zililazimika kuzuia mali za waliotajwa. Kwa miaka mingi aliyetajwa hakuelezwa sababu, na hapakuwa na pa kukata rufaa. Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo ni tofauti na ile ya Haki za Binadamu niliyoitaja juu, katika shauri la mfanyabiashara wa Saudi Arabia, Yassin Kadi, ilisema hata amri inayotoka Umoja wa Mataifa haiwezi kutekelezwa Ulaya bila mhusika kupewa nafasi ya kusikilizwa. Mwaka uliofuata Baraza la Usalama liliunda ofisi ya mchunguzi huru wa kupokea maombi ya wanaotaka kuondolewa kwenye orodha ile.

Mnataka kuona kwa karibu mambo yalivyokuwa? Uingereza ilifika mahali ikadai kwamba posho za ustawi wa jamii walizolipwa wake za waliotajwa zihitaji kibali cha Hazina, kwa hoja kwamba mke akinunua chakula na mume akala mezani, basi mume amenufaika na fedha. Masharti ya vibali hivyo yalimtaka mke atoe fedha kwa kiwango maalumu na kupeleka hesabu za matumizi yake kila mwezi. Mwanamke ambaye hakushukiwa kwa lolote alipaswa kuieleza serikali alichonunua. Aprili 2010 mahakama ileile ya Ulaya iliikataa tafsiri hiyo. Januari mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri lake la kwanza kabisa kulisikiliza, ilikuwa imefuta amri za kuzuia mali zilizowekwa na Hazina bila Bunge kuzijadili, na jaji mmoja akasema waliotajwa walikuwa kama wafungwa wa dola.

Kwa mashirika, mfano ulio karibu ni wa Aprili 2015, baada ya mauaji ya watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yalijikuta kwenye orodha ya serikali na akaunti zao zikafungwa. Hayo yalikuwa yakifuatilia watu waliotoweka na waliouawa katika operesheni za usalama. Novemba 2015 Mahakama Kuu iliamuru akaunti zifunguliwe. Miezi 7 inatosha kuua shirika dogo: mishahara inasimama, wafadhili wanaondoka, na familia iliyofika ofisini kumuulizia kijana wake inakuta mlango umefungwa.

Niongeze dhamana hapohapo, maana inafanya kazi kwa namna ileile ya kuadhibu kabla ya hukumu. Julai 2021 Freeman Mbowe, aliyekuwa wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema nchini Tanzania, alikamatwa na kushtakiwa kwa makosa yanayohusiana na ugaidi. Alikaa mahabusu hadi Machi 4, 2022, siku ambayo Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa kesi kabla yeye hajaanza kujitetea. Pale ambapo shtaka lenyewe humfungia mtu mlango wa dhamana, anayeamua kuandika shtaka ndiye aliyekwishaamua kifungo.

MCHANGIAJI WA PILI

Nakiri suala la orodha sikuwa nimelifikiria hivyo. Bado nauliza: ikiwa hatari ni ya kweli, si inatosha sheria ziwe na muda maalumu, zikiisha ziishe?

MWANZISHA UZI

Ingekuwa vizuri kama kweli zingeisha, ndugu yangu. Ile sheria ya 1974 niliyoitaja iliitwa ya muda, Bunge likaihuisha na kuitunga upya mara kwa mara, na ilikoma tu pale sheria ya kudumu ya mwaka 2000 ilipochukua nafasi yake. Ufaransa ilitangaza hali ya hatari Novemba 2015 baada ya mashambulizi ya Paris, ikaiongeza mara kadhaa, na ilipoiondoa Novemba 1, 2017 sheria mpya ilikuwa imekwishahamisha sehemu ya mamlaka hayo kwenye sheria za kawaida. Katika majuma ya mwanzo ya hali hiyo, wanaharakati 24 wa mazingira waliwekewa amri ya kutotoka majumbani wakati wa mkutano wa tabianchi, kwa mamlaka yaliyoombwa kwa ajili ya wauaji wa Paris.

Tarehe ya mwisho ina maana pale tu wabunge wanapopiga kura wakiwa na taarifa mkononi: mamlaka yametumika mara ngapi, dhidi ya nani, wangapi walishtakiwa, wangapi waliachiwa, wangapi walilipwa fidia. Uingereza ina mhakiki huru wa sheria za ugaidi, mwenye ruhusa ya kuona nyaraka za siri na ambaye ripoti zake hupelekwa bungeni na kuchapishwa. Hana uwezo wa kufuta kifungu, lakini matumizi mabaya ya kifungu cha 44 yalikosolewa katika ripoti hizo kabla Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haijasema lolote. Ningependa kuona ofisi ya namna hiyo kila penye sheria ya namna hii, na kiongozi wake asiwe mtu anayeweza kuondolewa na waziri anayemkagua.

Mwenye nakala ya sheria au muswada wa nchi yoyote auweke hapa tuusome pamoja kifungu kwa kifungu. Napendekeza tuanze na kile kinachotaja ni baada ya saa ngapi mtu lazima afikishwe mbele ya hakimu, kisha kile kinachosema kama hakimu huyo anaruhusiwa kumwachia.